Jina Lililosomwa Jumapili Tatu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye kibaraza cha nyumba moja ya matofali mekundu huko Grand Rapids, Michigan. Mimi na mume wangu Cedric tulikuwa tunatetemeka, tunamsubiri dalali ambaye gari lake lilikuwa limenasa kwenye theluji ya Machi. Cedric alikuwa amepewa kazi ya kuongoza kitengo cha wagonjwa wa figo katika hospitali moja ya mji huo. Hospitali ilitaka jibu Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumamosi.

Kwa wale mnaoanza leo: mimi ni Harlan, nina miaka arobaini na minane. Nilizaliwa Grand Rapids, nikaondoka nikiwa na ishirini, na tangu hapo nimeishi Houston, Texas. Huko ndiko nilikompata Cedric, muuguzi mwenye asili ya Louisiana, ambaye akicheka jirani wa nyumba ya tatu anajua kuna jambo. Yeye alitaka tuhame. Mimi sikutaka.

Kila aliponiuliza kwa nini, nilimpa sababu ileile. Ninyi mnaijua, maana niliwapa katika sehemu ya pili. Kwamba nilipokuwa kijana wazee wa kanisa walikuta barua za mapenzi. Kwamba rafiki yangu Lyle Postma, niliyempenda, alinitaja kwao ili ajiokoe. Kwamba jina langu lilisomwa mbele ya usharika mzima kama la mtu anayetengwa, Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ya tatu nilikuta nguo zangu kwenye mifuko ya taka, barazani, juu ya theluji.

Wengi mliandika kunipa pole. Mama mmoja alisema alinililia jikoni hadi mboga zikaungua. Mama, soma hadi mwisho, kisha uniambie kama mboga zile zilistahili.

Tuendelee na kibaraza.

"Mtu wa theluji anaogopa theluji," Cedric alinitania, anapiga miguu chini. "Mimi wa kwenye joto ndiye nimesimama kama mwanamume."

"Midomo yako imekuwa ya bluu."

"Bluu yangu haionekani. Ndiyo faida ya kuwa mweusi." Akacheka peke yake. Kisha akanishika mkono, pale pale nje, mchana kweupe. "Harlan, jana tumeona nini? Sema ukweli."

Jana yake tulikuwa tumeona wazee wawili wa kiume sokoni wameshikana mikono, wanabishana kuhusu jibini. Tulikuwa tumeona kanisa lenye bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Tulikuwa tumeingia mkahawa na mhudumu akatuuliza tumeoana miaka mingapi, kana kwamba anauliza kama tunataka sukari.

"Tumeona watu wastaarabu," nilisema.

"Basi? Kule Texas kila bunge likikaa tunajiuliza safari hii watatuondolea haki gani. Hapa naambiwa niongoze kitengo. Nyumba ina jua jikoni. Wewe kazi yako ni ya kompyuta, unaweza kuifanyia hata juu ya mti. Kama ni marafiki, tutapata. Niambie kinachokuzuia."

"Unakijua."

Aliuachia mkono wangu. Ndivyo alivyofanya kila mara. Nikitaja lile jambo alikuwa anarudi nyuma kwa heshima, kama mtu aliyekanyaga kaburi bila kujua. Na mimi nilikuwa nalijua hilo, na nilikuwa nalitumia.

Hapo ndipo mlango wa jirani ulipofunguka. Akatoka mama mmoja mfupi, mvi tupu, sweta ya kijani, na kando ya koleo lake la theluji palikuwa na chungu cha maua chenye kibendera kidogo cha upinde wa mvua.

"Ninyi wawili mtakufa hapo!" alipaza sauti. "Dalali amenipigia, anasema bado saa nzima. Njooni mnywe supu. Na msinikatalie, nimeshapakua."

"Huyu nimempenda," Cedric alisema, tayari anashuka ngazi.

Mama yule alijitambulisha kuwa ni Trena Wierenga, mjane, miaka themanini na moja. Jina lile la Kiholanzi lilinishtua, lakini nikajituliza. Mji ule umejaa Waholanzi wa Marekani, wajukuu na vitukuu wa waliokuja na biblia zao zamani. Na mimi sikuwa na jina lao tena. Tulipooana nilichukua jina la Cedric. Rafiki zetu wote walisema ni mapenzi yaliyoje hayo. Cedric mwenyewe alilia. Mimi nilikuwa najificha.

"Harlan Guidry," nilimwambia Bi Trena, nikampa mkono.

"Guidry. Hilo silijui," alisema, kwa masikitiko ya kweli.

Supu ilikuwa ya dengu za kijani na nyama ya nguruwe, nzito hadi kijiko kinasimama, na mikate midogo ya siagi. Bi Trena aliomba kabla ya kula, sala fupi. Tukala. Alimuuliza Cedric kuhusu figo, akamweleza za kwake. Alituambia mjukuu wake wa kike ameoana na mwanamke mwenzake, wana mbwa wawili na kibaraza cha kuchomea nyama.

"Nilipoambiwa mara ya kwanza nilikaa chumbani siku mbili," alisema. "Siku ya tatu nikaona nitamkosa kwa sababu ya nini? Nikatoka."

Cedric alinitupia jicho: unasikia?

Tulipomaliza, Cedric alisimama akachukua sahani yake, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Mimi sikusimama. Nilikaa. Nikaweka mikono mapajani, nikainamisha kichwa, nikasubiri.

Sikujua nimefanya hivyo mpaka niliposikia kimya.

Kwenye nyumba za watu wetu mlo una sala mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Huinuki mezani mpaka baba asome biblia na kuomba tena. Nilikuwa sijakaa kwenye meza ya namna ile miaka ishirini na minane, na bado shingo yangu iliinama yenyewe. Hakuna mtu mwingine duniani anayekosea hivyo.

Nilipoinua uso, Bi Trena alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yameng'aa kama ya mtoto aliyepewa zawadi.

"Wewe ni wa kwetu," alisema.

"Hapana, mama, mimi..."

"Kaa, kaa! Cedric, mwanangu, weka sahani chini. Huyu ni wa kwetu. Baba yako nani?"

Wasomaji, Waholanzi wa kule wana mchezo. Wanauita bingo. Wakikutana wawili wasiojuana, hawaagani mpaka wamejua baba yako nani, mama yako alizaliwa akina nani, na mlisali kanisa gani. Bi Trena alikuwa bingwa wa mchezo ule, na njaa yake ya kuucheza niliiona wazi.

"Mimi si wa hapa," nilisema. "Wazazi walikuwa wa Iowa."

Cedric alikunja uso. "Iowa?"

"Iowa!" Bi Trena alipiga makofi. "Iowa gani? Mji wa Pella au wa Sioux Center?"

"Pella."

"Pella! Wifi yangu yuko Pella. Kanisa la kwanza au la pili?"

"La... pili."

"La pili lilifungwa mwaka wa sabini na mbili, mwanangu. Ulisali na panya?"

Cedric aliangua kicheko. Mimi jasho lilinitoka, na nje theluji ilikuwa inadondoka.

Kisha Cedric aliacha kucheka. Alisogea nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono miwili mabegani. Mikono ile ninaikumbuka ninapoandika haya. Ilikuwa na joto la bakuli la supu.

"Harlan," alisema taratibu, "usijifiche. Huna la kuficha wewe. Wenye la kuficha ni wao." Akamgeukia Bi Trena. "Mama, mume wangu alizaliwa mji huuhuu. Anaitwa Boersma."

"Cedric, acha."

"Siachi. Miaka kumi na miwili nimeacha."

Bi Trena alikuwa bado anatabasamu, hajui kinachokuja. "Boersma yupi? Wa maziwa au wa tanuri?"

"Wa tanuri," Cedric alisema. Nilikuwa nimemweleza kwamba baba alikuwa fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto.

"Mtoto wa Mzee Klaas Boersma," Bi Trena alisema. Tabasamu likaanza kumtoka, polepole. "Yule aliyekuwa mzee wa kanisa."

"Huyohuyo. Na mimi nina neno na kanisa lenu." Sauti ya Cedric ilitetemeka. Sijawahi kumwona akimpandishia sauti mtu mzima, na hata pale hakuipandisha. "Nimekula chakula chako, mama, na nakushukuru. Lakini mlimfanya nini huyu? Kijana wa miaka ishirini. Mlisoma jina lake kanisani mara tatu, kana kwamba ni mwizi. Mlimtupia nguo zake kwenye theluji. Mpaka leo anaota. Mpaka leo akisikia kinanda cha kanisa anatoka nje. Nani kati yenu alisimama? Nani alisema basi?"

Bi Trena aliweka kijiko chini.

"Mimi nilikuwepo," alisema.

"Basi unakumbuka."

"Nakumbuka vizuri sana." Hakuwa anamtazama Cedric. Alikuwa ananitazama mimi. "Nilikaa benchi la nne. Nililisikia lile jina mara zote tatu. Lilikuwa jina la..."

"Bi Trena," nilisema. "Tafadhali."

Akaanza kukusanya bakuli zetu, moja juu ya nyingine.

Cedric alinibana mabega. Alidhani namwomba mama yule asinitoneshe kidonda. "Basi, mpenzi," alininong'oneza. "Basi. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha, na hapa ndipo ninapotubu.

Jina lililosomwa Jumapili zile tatu halikuwa langu. Lilikuwa la Lyle Postma. Nguo kwenye mifuko ya taka zilikuwa za Lyle. Aliyemtaja kwa wazee ni mimi.

Barua walizozikuta zilikuwa za Lyle kwangu, ndani ya droo yangu. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani, kama walivyokuja kwa kila familia mara moja kwa mwaka, wakakaa sebuleni na vikombe vyao vya kahawa. Safari ile hawakuuliza kuhusu sala. Waliuliza kama na mimi nilimwandikia Lyle. Baba yangu alikuwa miongoni mwao, ameangalia zulia.

Nilikuwa nimemwandikia barua arobaini.

Nikasema hapana. Nikasema Lyle ananisumbua, kwamba nilimwogopa, kwamba sikujua nimwambie nani. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa kwa sababu waliyodhani. Mmoja wao alinipiga begani akasema pole, kijana.

Walipokwenda kwa Lyle hawakukuta barua hata moja yangu. Alisikia wanakuja, akazichoma zote arobaini kwenye jiko la mama yake, ili nisipatikane. Walimuuliza kama alikuwa peke yake katika dhambi ile. Akasema ndiyo, peke yake.

Hadithi niliyompa Cedric siku ya pili ya kujuana kwetu, tukiwa tumekaa kwenye gari lake nje ya duka la kamba wa kukaanga, ilikuwa hadithi ya Lyle. Nilibadilishana naye majina tu. Sikupanga. Cedric alikuwa amenieleza jinsi mjomba wake alivyomfukuza kwa fimbo, nami niliona aibu kwamba mimi sikufukuzwa na mtu. Nilitaka na mimi niwe na jeraha. Alinikumbatia na kuniambia hatanipiga kamwe wala kuniacha nje. Ningeyarudisha vipi maneno yangu mdomoni baada ya hapo?

Na ninyi wasomaji nikawauzia hadithi ileile. Niwieni radhi. Najua neno hilo ni jepesi.

Simu ya Cedric iliita. Dalali. Cedric alienda sebuleni kuzungumza naye, akatuacha jikoni.

Bi Trena alianza kuosha vyombo. Alinipa kitambaa nikaushe.

"Umemwambia nini huyu mtu?" aliuliza, sauti ya chini.

"Nimemwambia ni mimi."

"Miaka kumi na miwili?"

"Ndiyo."

"Na Lyle? Kwenye hiyo hadithi yako Lyle ni nani?"

Niliendelea kukausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Umemfanya yeye kuwa wewe," alisema. "Ee Mungu wangu. Kijana aliyefukuzwa na baba yake mzazi, na wewe ukamvika na dhambi yako juu."

"Nilikuwa na miaka ishirini, mama."

"Siku ile ulikuwa na ishirini. Leo una mingapi?"

Nilichukua sahani nyingine.

"Unajua yuko wapi?" aliendelea. "Alikwenda Chicago. Aliosha magari, aliumwa, alipona. Miaka minane baadaye akarudi. Hapahapa. Akaja kanisani, akakaa benchi la mbele, ili kila mtu amwone kisogo. Ilituchukua muda, sikatai, tulikuwa watu wagumu. Lakini siku moja usharika ulisimama ukamwomba radhi, na mimi nilisimama. Sasa anaishi mtaa huu, nyumba ya tano, na mume wake Denny ambaye hajui kupika kabisa. Aliyefukuzwa amerudi. Wewe ambaye hakuna aliyekufukuza ndiye uliyekimbia."

Nililia, kimya kimya, kwenye kitambaa chake cha vyombo. Hakunibembeleza.

"Mwambie mumeo," alisema. "Mimi sitasema. Si langu kusema. Lakini hapa si Houston. Ukinunua nyumba hiyo, hutafika Jumatano kabla mtu hajamwambia kwenye foleni ya mkate. Mwambie wewe, leo."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo, mama."

Nilikuwa nimekusudia. Haki ya Mungu, kama angeingia mtu akaniapisha ningeapa.

Cedric alirudi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya uamuzi. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana, na Bi Trena akabaki pale kwenye sinki, ametugeuzia mgongo.

"Dalali yuko njiani," alisema. "Lakini sikiliza kwanza. Nimekuwa mjinga. Nimekukokota hadi huku kwa sababu ya cheo, nimekukalisha kwenye meza ya watu waliokuumiza, nimekufanya ulie mbele ya mgeni. Naona macho yako. Basi. Nakuuliza mara moja tu, na jibu lolote nitalikubali, sitakulaumu hadi tunazeeka. Tuhamie hapa? Ndiyo au hapana?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningesema: Cedric, kuna jambo. Maneno matatu tu. Nilikuwa nayo mdomoni.

Nikamtazama. Nikaona jinsi anavyonitazama, kwa huruma ile ambayo nimeishi nayo miaka kumi na miwili kama mtu anavyoishi na blanketi. Nikaona itakavyoondoka.

"Siwezi," nilisema. "Nimejaribu, Cedric. Kila nikipita mtaa ule naiona ile mifuko barazani."

Maji kwenye sinki yaliacha kutiririka.

Cedric alifumba macho kidogo. Nilijua anaiaga nini. Miaka kumi na minane amefanya kazi chini ya watu anaowazidi si akili tu bali hata adabu, na hiki kilikuwa kitengo chake, jina lake mlangoni. Alivuta pumzi, akafungua macho, akatabasamu. Kwa ajili yangu.

"Sawa," alisema. "Basi hapana. Tunarudi nyumbani."

"Cedric, huhitaji kuamua sasa..."

"Kesho nitapata tamaa tena. Acha niwaandikie nikiwa na moyo huu." Akatoa simu, akaanza kuandika kwa vidole viwili, kama kawaida yake, akisoma kwa sauti ndogo. "Nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Kwa sababu za kifamilia..."

Bi Trena aligeuka.

Alikuwa anakausha mikono yake, kidole kimoja kimoja. Hakusema neno kwa Cedric. Hakusema neno kwangu. Alikuwa ameahidi hatasema, na mama yule ni wa watu wanaotimiza ahadi hata zikiwachoma. Alikwenda mlango wa nyuma, akaufungua, baridi ikaingia. Nje palisikika koleo likikwangua sementi. Mtu alikuwa anamsafishia Bi Trena theluji njiani.

"Lyle!" aliita. "Acha hilo koleo. Njoo ndani, kuna watu nataka uwaone."

Kidole cha Cedric kilisimama juu ya simu.

"Lyle nani?" aliuliza.

"Postma," Bi Trena alisema, akashikilia mlango.

Mimi sikusimama. Cedric alisimama badala yangu. Aliiweka simu mezani, barua yake bado haijatumwa, akajiweka kati yangu na mlango, kifua mbele, kama mtu anayemkinga mtoto na mbwa.

Lyle aliingia akipiga viatu kwenye zulia dogo la mlangoni. Aliinama, akavivua kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya gazeti, kwa maana kule hata nyumba ikiungua huingii na viatu vya theluji. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa zimemwisha mbele. Alisimama kwenye sakafu ya jikoni na soksi za kijivu, moja ina tundu kwenye kidole gumba, akatabasamu kwa wageni.

"Habari zenu. Ninyi ndio mnaoitazama nyumba? Paa lake zuri, msiwe na wasiwasi, ila tanuri..."

Kisha akaniona.

Hakulitaja jina langu. Tabasamu halikumtoka lote. Lilibaki nusu, kama taa iliyopungua umeme.

"Wewe ndiye Lyle Postma," Cedric alisema.

"Ndiye."

"Mimi ni mume wa Harlan. Sikuja kupigana nawe, nyumba hii ni ya mama wa watu. Lakini nimelibeba jina lako miaka kumi na miwili na leo nalitua." Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Huyu alikupenda. Alikuandikia barua, na wewe ukamtoa kwa wazee ili wewe upone. Walisoma jina lake. Walimtupa nje. Wewe ukabaki hapa na kanisa lako na mtaa wako, unasafishia majirani theluji, unaitwa mtu mwema. Yeye mpaka leo hawezi kulala. Sasa hivi nilikuwa nakataa kazi niliyoingoja nusu ya maisha yangu, kwa sababu hawezi kuishi mji mmoja na wewe. Nataka unijibu kitu kimoja. Uliwezaje?"

Nilisikia theluji ikiyeyuka kutoka kwenye viatu vya Lyle, tone kwa tone, juu ya gazeti.

Lyle alisikiliza hadi neno la mwisho. Hakumkatiza. Alipomaliza, alishusha macho kwenye soksi zake. Nilidhani atacheka, au atapiga kelele, na ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

Alipoinua uso, alimtazama Cedric kwanza, kwa upole ambao sikuustahili kuuona. Kisha akanitazama mimi, nyuma ya bega la mume wangu.

"Harlan," alisema. "Mara ya kwanza nilikujibia. Leo ujibu mwenyewe."

Na Cedric, mikono bado ameitanua kunikinga, akageuza kichwa taratibu kunitazama.